Furaha Hii Inalipwa na Nani?

Mabeshte wangu wanaochora, kupiga gita na kuandika walihamia Kitengela kwa sababu moja tu: kodi. Nairobi iliwashinda. Huku kuna nafasi ya kuanika turubai chini ya mgunga, chai ikichemka, watu wakibishana kuhusu mashairi mpaka usiku. Raha tupu, manze.

Lakini hiyo nafasi haikuwa tupu. Mvua ikinyesha, nyumbu na pundamilia walikuwa wakitoka Mbuga ya Nairobi, ambayo upande wa kusini haina ua, na kutawanyika kwenye nyanda hizi za Kajiado. Mwaka 1988 ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa, kila mtu na shamba lake. Karo ikibana, ekari inauzwa. Anayenunua anaanza na seng'enge.

Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari, kwa mwaka, wasiweke ua. Dola 4! Bando zetu za mwezi zinazidi hapo.

Kuna wanaosema mpangaji hana lawama, yeye hakuuza wala kununua. Mimi sikubali. Ploti hujengwa kwa sababu mpangaji atakuja. Ila pia sioni faida ya kununa na kurudi mjini. Furaha si dhambi.

Kwa hivyo nawauliza wanaochora nyumbu na kuuza picha Nairobi: ni shilingi ngapi zinamrudia aliyeacha ekari yake wazi? Wananiambia naharibu stori. Acha iharibike.