Ndege wa Taita na Kondoo wa Maskini

Kule Taita kuna ndege mdogo anayeitwa apalisi wa Taita. Haishi pahali pengine popote duniani, ni katika vipande vichache vya msitu wa asili vilivyobaki kwenye vilima vile, kama Ngangao. Anapenda baridi na ukungu. Sasa dunia ikizidi kupata joto, viumbe wa mlimani hupanda juu kufuata baridi. Lakini Vuria, kilele kirefu kuliko vyote pale, ni mita 2,208 tu. Ukifika hapo, juu yako ni mawingu. Ndege huyu atahamia wapi?

Kwa hivyo watu husema: utengeni msitu, zuieni shoka. Ni neno jema. Lakini hebu tuulize, nani analipa? Zaidi ya nusu ya kaunti ya Taita-Taveta tayari iko ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka wa 1948. Ndovu hutoka huko usiku wakamaliza mahindi ya watu. Mama aliyebaki na kishamba mlimani, tumwambie ati asikate hata ukuni, kwa ajili ya ndege?

Wengine watajibu: binadamu kwanza! Lakini msitu ule si wa ndege peke yake. Miti yake hunasa ukungu, matone yakaingia ardhini, na mama yule yule huchota maji bondeni. Tena, mti ukikatwa unaweza kupanda mwingine. Kiumbe akiisha ameisha. Hatuna uwezo wa kumuumba tena. Katika Kumbukumbu 22 mtu aliruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama ndege amwachilie. Yaani kula, ila usimalize mbegu.

Basi msitu utengwe, ndiyo. Lakini sisi wa mjini tunaopika kwa gesi, tukishangilia huku mama wa Taita akilipa peke yake, tunafanana na yule tajiri wa 2 Samweli 12, aliyemkirimu mgeni wake kwa kondoo wa maskini. Gharama tugawane: fidia ifike mapema, majiko yanayokula kuni kidogo, miche ya kupanda shambani, na wenyeji waketi mezani kabla mpaka haujawekwa.

Mpendwa, wiki hii jiulize: ni jambo gani jema unalolipenda, ambalo mwingine ndiye anayelilipia? Barikiwa.