Amri ya Nane na Daftari la Mvua

Miaka michache iliyopita nilipigiwa simu na mchungaji wa usharika mmoja wa Shinyanga, ambako niliwahi kuhudumu nikiwa mwinjilisti kijana kabla sijakwenda chuo cha theolojia. Alikuwa na furaha. "Mtumishi," aliniambia, "yupo hapa kijana anafanya utafiti. Anapiga picha yale madaftari ya mvua ya zamani na kuingiza namba zote kwenye kompyuta. Mwandiko wako umo!" Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni nilitamani daftari langu liwe limekwisha kuliwa na mchwa.

Nieleze sababu. Nyuma ya nyumba ya mchungaji palikuwa na kipima mvua, chombo cha bati chenye mdomo wa duara na chupa ndani yake. Kazi yangu ilikuwa kukifungua kila siku saa tatu asubuhi, kumimina maji katika bilauri yenye alama, na kuandika ni milimita ngapi zimenyesha tangu jana yake. Milimita moja ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita ya mraba ya ardhi. Ni kazi ya dakika mbili. Lakini Januari moja nilifiwa na baba mdogo, nikakaa msibani siku kumi na tisa, wala sikumwachia mtu kazi ile. Niliporudi, karatasi ya mwezi ilikuwa karibu kuchukuliwa, nami niliona aibu kuipeleka ikiwa na nafasi tupu. Niliuliza watu wawili watatu kama mvua ilinyesha. Wakasema ilinyesha kidogo kidogo. Nikaketi chini ya mwembe nikatunga: 4.2, 0, 11.6, 0, 0, 7.5. Niliweka hata nukta, ili namba zangu zifanane na kweli.

Nilijiambia: nani ataumia? Swali hilo ndilo ninalotaka kulijibu hapa. Je, tuna deni la ukweli kwa mtu tusiyemjua, ambaye labda hata hajazaliwa?

Siku chache baada ya simu ile nilimtafuta yule kijana mtafiti, nikiwa na nia ya kuungama. Kabla sijafika huko, alianza kunieleza kwa nini namba za zamani zinatafutwa, naye akaanzia mbali, baharini.

Zamani kila meli kubwa ilikuwa na daftari la safari. Katika manowari za Uingereza afisa wa zamu aliandika, kwa kawaida kila baada ya saa nne, upepo unatoka wapi na una nguvu gani, mgandamizo wa hewa, joto la hewa, na mara nyingi joto la maji ya bahari. Madaftari hayo yamehifadhiwa London. Oktoba 2010 ulianzishwa mradi uitwao Old Weather, ambao uliweka kwenye intaneti picha za kurasa za manowari za wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu wa kujitolea, wengi wao si wanasayansi, walisoma mwandiko ule wa kalamu na kuugeuza kuwa namba ambazo kompyuta inaweza kuzitumia. Ukurasa mmoja ulisomwa na zaidi ya mtu mmoja, ili kosa la huyu lionekane kwa yule. Torati nayo haikuridhika na shahidi mmoja (Kumbukumbu la Torati 19:15). Kwa njia hiyo vipimo zaidi ya milioni moja vilitoka kabatini na kuingia katika utafiti wa tabianchi.

Pwani yetu imo katika habari hiyo. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia na kuizamisha HMS Pegasus ya Waingereza hapo Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji mpaka ilipoharibiwa Julai 1915. Manowari za Uingereza zilizoizingira ziliendelea kuandika hali ya hewa siku zote hizo. Wale maafisa walikuja kupigana vita vya wakoloni, na Waafrika wengi sana walikufa katika vita hivyo kwa kubebeshwa mizigo. Siwatakasi. Lakini joto la Bahari ya Hindi ni moja ya mambo yanayoamua mvua yetu huku bara. Baharia aliyepima maji saa kumi alfajiri, akaandika alichokiona na kwenda kulala, hakumjua mkulima wa Shinyanga. Hata hivyo alimwachia ushuhuda wa kweli.

Kijana akanipa mfano wa karibu zaidi. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Mei 2020 lilijaa tena, maji yakaingia katika nyumba na mialo pande zote za ziwa. Kipimo cha Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42. Kiwango cha juu cha mwaka 1964 kilikuwa 13.41. Tofauti ni sentimita moja. Tungeijuaje, kama mpimaji wa 1964 angeandika "kumi na tatu na kitu" na kwenda zake nyumbani?

Hapo nilinyamaza kwenye simu, kwa sababu nilikumbuka jambo jingine, zito kuliko ziwa.

Sisi Walutheri tunahesabu katazo la kumshuhudia jirani uongo kuwa amri ya nane. Katika Katekisimo Ndogo, Luther haishii kwenye katazo. Anafundisha kwamba anayemcha Mungu na kumpenda ana wajibu pia wa kumtetea jirani yake. Nimewafundisha hayo vijana wa kipaimara kwa miaka mingi, na kila mara nilidhani jirani ni mtu ninayemwona.

Mwaka mmoja wa ukame, nikiwa mchungaji mpya, niliitwa kwenye mkutano wa kijiji kimoja. Mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa magotini. Minong'ono ilikuwa imemwelekea bibi mmoja mjane, mwenye macho mekundu kama wengi waliopika kwa kuni na samadi maisha yao yote. Nilisimama nikanena kwamba mvua ni ya Mungu na bibi huyu ni mtoto wake. Mzee mmoja, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaniuliza kwa heshima: "Mchungaji, mvua hii imekosekana kwetu tu, au na kwa wenzetu?" Sikuwa na jibu. Katika kata nzima hakuna aliyekuwa anapima. Wiki ile bibi aliondoka usiku, akaenda kwa binti yake Geita.

Swali la mzee yule halikuwa dogo. Mwaka 2005 Edward Miguel, mchumi wa Chuo Kikuu cha California, alichapisha utafiti alioufanya Meatu, wilaya iliyokuwa wakati huo mkoani Shinyanga. Aligundua kwamba katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya watu walioitwa wachawi yalikuwa karibu mara mbili ya miaka mingine, na waliouawa wengi walikuwa wanawake wazee. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka hivyo. Mbingu zilipobadilika, shoka liliwaangukia bibi zetu.

Nilikwenda kumwona yule bibi. Binti yake alikuwa akiwauzia chakula wachimbaji wadogo. Siku hiyo nilimwona mnunuzi akipima dhahabu kwa mizani ndogo iliyofunikwa kioo, ili hata pumzi ya mtu isiisukume. Wote waliokuwapo walikodolea macho namba zile, mpaka sehemu ya mia ya gramu. Nilirudi nyumbani nikijiuliza tumekuwaje watu wanaodai ushahidi wa namna hiyo kwa punje ya dhahabu, na kwa uhai wa mwanamke mzee tunatosheka na rangi ya macho yake.

Mtu anaweza kunipinga: "Mchungaji, wauaji hawasomi majedwali. Wengine wanatafuta shamba la urithi tu." Ni kweli. Daftari peke yake halimwokoi mtu, wala sidai kwamba namba zangu za uongo zilimfukuza yule bibi, maana palikuwa mahali pengine na mwaka mwingine. Lakini katika kila mkutano wa namna ile wapo wauaji wachache, na wapo wengi kama mzee yule, wanaouliza kwa sababu hawajui. Hao wangeweza kuambiwa: tazameni, mwaka huu mvua imepungua Kishapu, imepungua Maswa, imepungua Kwimba, ni bibi gani mwenye mkono mrefu hivyo? Shahidi wa kweli ni kinga ya asiye na mtetezi. Na mimi, nilipokabidhiwa kuwa shahidi huyo, nilikaa chini ya mwembe nikatunga.

Basi nikamwambia kijana. Hakushtuka. Alisema namba zinazotiliwa shaka hulinganishwa na za vituo jirani, na zikibainika huwekewa alama bila kufuta maandishi ya awali. Kisha akanifundisha jambo ambalo sikulipata chuoni. Katika daftari la mvua, sifuri na nafasi tupu ni vitu viwili tofauti. Sifuri maana yake nilitazama, na mvua haikunyesha. Nafasi tupu maana yake sikutazama. Nafasi tupu mtafiti anaweza kuivumilia. Namba ya kubuni humpotosha, kwa kuwa inavaa nguo za kweli. Kile nilichokionea aibu ujanani ndicho kilichokuwa uaminifu. Bwana wetu alisema juu ya mambo madogo (Luka 16:10), nami nilikuwa nimeyahubiri mara nyingi.

Nilisafiri mpaka usharika ule. Pembeni mwa ukurasa wa Januari niliandika kwa kalamu: "Siku hizi 19 hazikupimwa. Namba nilizibuni mimi." Nikatia sahihi na tarehe. Kijana amekwisha kuziondoa katika hesabu yake. Naamini Mungu amenisamehe kwa ajili ya Kristo, wala silitilii shaka neno lake. Lakini msamaha haukunirudishia mvua ya siku zile. Mungu anaijua, sisi tumeipoteza, na hakuna toba itakayotufanya tuijue.

Kabati za sharika zetu zina madaftari mengi: ya mvua, ya ubatizo, ya maziko, ya miaka ya njaa. Tuyafungue kabla ya mchwa, tuyapige picha, na tuwape vijana wetu kazi ya kuyasoma wawili wawili. Mahali tusipojua, tuache nafasi. Na atakayekutana humo na uongo wake mwenyewe asiuchane ukurasa. Aandike pembeni yake kilichotokea, na jina lake.