TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Mtoto Asiyeweza Kungoja Foleni



Mwaka jana nilimpeleka binti yangu zahanati, ana mafua. Foleni ndefu, joto, kelele. Mama mmoja alikuwa na mwanawe mwenye usonji, miaka kama sita. Mtoto kaziba masikio, anapiga mayowe, anajipiga kichwani. Mmoja akasema, "Hajafunzwa adabu huyo." Mwingine, "Ana jini, mpelekeni kwa sheikh." Mama akaomba atangulie. Akajibiwa, "Sote tuna wagonjwa." Akambeba mwanawe, akaondoka.

Na mimi, sheikh wenyewe, nilikuwa wa pili kwenye foleni. Nikanyamaza.

Siku chache baadaye baba yake akanieleza: mtoto alikuwa na usaha sikioni. Haongei, sasa angesemaje kwamba anaumwa? Mtoto wa namna hii akianza ghafla kujipiga au kukataa chakula, huenda ni sikio, jino au tumbo. Tukisema "ndivyo alivyo", tumemnyima matibabu.

Je, kumpisha ni kuwadhulumu wengine? Mgonjwa mahututi atangulie, hilo halina mjadala. Lakini binti yangu alikuwa na mafua tu. Anayengoja nusu saa ametulia na anayengoja nusu saa akiteseka, hawajangoja sawa.

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akianza swala akikusudia kuirefusha, akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kumhurumia mama yake. Jamaa nzima nyuma yake! Hakumwambia mama abaki nyumbani. Ikiwa swala ilifupishwa kwa kilio cha mtoto, foleni ya zahanati ni kitu gani?

Na tuelewane: usonji si jini, si laana, wala si malezi mabaya. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyokua. Dua tutaomba, na kliniki tutakwenda. Mtoto wa mwaka na nusu haitiki akiitwa jina, haonyeshi kitu kwa kidole, au ameacha maneno aliyokuwa nayo? Mwambieni mhudumu siku ya kliniki, msingoje.

Wahudumu wa afya mliomo humu: muulizeni mama kinachomtuliza mwanawe. Mruhusuni angoje nje penye utulivu, zamu yake ikifika mumwite.

Sisi wengine, saumu ya kujizuia na chakula tumeiweza. Tujaribu na ya kutoa nafasi yetu.

Yaa Rabbi, nisamehe ule ukimya wangu, uwaponye watoto wetu, na uwape subira wazazi wao. Aamin.

Wabillahi tawfiq.