Fundi Aliyevuka na Randa Yake

Masomo: Kutoka 31:1-6, Zaburi 137:1-4



Majuzi tulimzika mzee wetu, fundi seremala. Wengi wenu mnakalia mabenchi yake kila Jumapili bila kujua ni nani aliyeyatengeneza. Kabla ya mazishi, baadhi ya wazee wa kanisa waliuliza: "Yule alikuwa Mormoni. Je, kwaya yetu iende kumwimbia?" Kwaya ilienda. Leo tunawaeleza kwa nini.

Tulimjua tangu Busia, upande wa Kenya. Alikuwa mshiriki wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo lilipata usajili Kenya mwaka 1991. Chai hakunywa, maana imani yake ilimkataza. Ukimtembelea, ulikaribishwa uji. Kila Jumatatu jioni alifunga karakana mapema, redio ikazimwa, na mama, watoto na wajukuu wakakaa pamoja: wimbo, Neno, maombi, kisha wimbo tena. Yeye alipiga akogo, kile chombo kidogo cha Wateso chenye ndimi za chuma. Majirani zake Wateso ndio waliomfundisha kukitengeneza. Ndimi alizifua kutoka nyaya za miavuli mibovu.

Kisha damu ikamwagika baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mwanzoni mwa 2008 tulikimbilia Uganda kwa maelfu, wengine kupitia Busia, wengine Malaba. Tukapokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, tukalala chini ya maturubai, na baadaye mwaka huo tukaletwa hapa Kiryandongo. Kila mtu alibeba alichoweza. Kuna aliyebeba godoro, kuna aliyebeba sufuria. Mzee alibeba gunia lenye randa, msumeno, patasi mbili na akogo. Tulimcheka: "Mzee, utakula randa?" Akajibu, "Nitakula kwa randa."

Zaburi ya 137 inatuonyesha wana wa Israeli huko Babeli wametundika vinubi vyao mitini, wakijiuliza wataimbaje ugenini. Hatuwalaumu. Sisi pia tulinyamaza Mulanda. Lakini ilipofika Jumatatu jioni, hema la mzee liliimba. Watoto wetu wakasogea kwanza, kisha mama zao, mwisho sisi wachungaji.

Mzee alipenda kutusimulia habari za watu wa kanisa lake wa zamani, kwa sababu nao walikuwa wakimbizi. Mwaka 1838 gavana wa Missouri, Marekani, alitoa amri wafukuzwe au waangamizwe. Mwaka 1846 walianza kuuacha mji wao wa Nauvoo wakati wa baridi kali. Njiani bendi yao ya tarumbeta, iliyoongozwa na William Pitt, ilipiga muziki katika miji ya watu wengine ili kupata fedha na chakula. Julai 1847 wa kwanza wao walifika bonde la Salt Lake.

Aliyempenda zaidi ni Joseph Ridges, seremala Mwingereza aliyezaliwa 1827. Ridges alijiunga na kanisa hilo huko Australia, akatengeneza kinanda kidogo cha mabomba. Kinanda kilifunguliwa, kikapakiwa masandukuni, kikasafirishwa kwa meli hadi California, kisha kwa magari ya kukokotwa na wanyama hadi Salt Lake. Huko akapewa kazi ya kujenga kinanda kikubwa. Mbao zilitolewa umbali wa kilomita 480 hivi, na gundi ikapatikana kwa kuchemsha ngozi za ng'ombe. Mwaka 1867 kilianza kutumika, kikiwa na mabomba 700 hivi. Leo kina mabomba 11,623, na baadhi ya yale ya mbao aliyoyatengeneza Ridges yangali yanalia.

Sasa tazameni Kutoka 31. Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake ili achonge, achore na kufua. Wakati huo Israeli walikuwa jangwani, wakiishi mahemani kama sisi. Mungu hakungoja wafike Kanaani ndipo awape fundi. Basi tusiseme, "Tutafundisha watoto tukirudi nyumbani."

Hatusemi kwamba mafundisho ni mamoja. Wao wana vitabu vingine pamoja na Biblia, nasi hatuvipokei, na mzee alilijua hilo. Tulimwuliza pia juu ya miaka ile kanisa lake lilipowanyima watu weusi ukuhani, hadi 1978. Hakulitetea. Alisema lilimwuma, akaendelea kupiga randa. Lakini alipotukuta tumekaa chini kanisani, hakuuliza sisi ni dhehebu gani. Aliuliza tunahitaji mabenchi mangapi. Mtu aliyetukalisha tunawezaje kumnyima wimbo?

Ndugu zetu, limebaki jambo moja. Mnunuzi amekuja mara mbili kwa ajili ya vifaa vya mzee. Mgao umepungua, na kitindamimba wake ana watoto wa kulisha. Alituuliza auze au asiuze. Kumwambia "usiuze" kisha tumwache na njaa ingekuwa dhambi. Kwa hiyo tumekubaliana: vijana wanne wa kanisa, wavulana wawili na wasichana wawili, watajifunza kwake, na kila mzazi wao atamletea kilo tano za mahindi kwa mwezi. Wazazi wanaotaka watoto wao waingie wamwone mzee wa kanisa baada ya ibada.

Nanyi nyote, chagueni jioni moja ya juma. Zimeni simu, imbeni na watoto wenu, someni Neno. Hiyo haihitaji mgao.

Ee Bwana, wafariji mjane na wajukuu wa mzee wetu. Ibariki mikono yetu ugenini. Amina.