Mtoto Anaposhikwa na Hofu

JUMATANO

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Malaika alimfanyia Eliya nini kabla ya kumwambia habari za safari?

Eliya alikuwa mtu mzima tena nabii, hata hivyo alilala chini ya mretemu akaomba afe. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Hakumkaripia. Swali la kwa nini alikuwa mahali pale lilikuja baadaye kule Horebu, baada ya chakula, usingizi na mwendo wa siku arobaini. Ikiwa Bwana alimtunza hivyo nabii aliyekimbia, mtoto wa miaka minane anastahili utunzaji gani?

Mtoto ni nadra kusema kwamba ana wasiwasi. Husema tumbo linamuuma. Likimuuma kila Jumapili jioni na kupona shule zinapofungwa, mzazi ana jambo la kuchunguza. Mwingine huanza tena kukojoa kitandani, au hung'ang'ania nguo ya mama mlangoni pa darasa. Wakati mwingine hofu hulipuka ghafla: moyo huenda mbio, kifua hubana, vidole hufa ganzi, na mtoto huamini kweli kwamba anakufa. Mwili wake umejiandaa kukimbia hatari ambayo wengine hawaioni, na kule kuhema haraka ndiko kunakoleta ganzi na kizunguzungu. Kwa kawaida kilele chake hupita baada ya dakika chache.

Apelekwe kwanza kituo cha afya, maana pumu, malaria na upungufu wa damu vinaweza kuleta dalili zinazofanana na hizo. Vipimo visipoonyesha ugonjwa, hiyo si hati ya kumwita mwongo. Wala si sababu ya kumsimamisha mbele ya kanisa akemewe pepo. Mtoto aliyekuwa na hofu moja hurudi nyumbani na mbili.

Ellen Harmon, ambaye baadaye alijulikana kama Ellen G. White, aliyapitia haya alipokuwa binti mdogo mjini Portland, katika jimbo la Maine. Mahubiri ya moto wa jehanamu usiozimika yalimtia hofu kuu. Aliomba usiku gizani huku akificha huzuni yake, na kwa muda mrefu hakumwambia mtu. Hatimaye alimweleza mama yake, naye akamshauri aende kwa mhubiri aliyeitwa Stockman. Mhubiri huyo alimsikiliza, akamwekea mkono kichwani, akalia pamoja naye, kisha akamweleza upendo wa Mungu. Ellen alikumbuka mazungumzo hayo mafupi hata uzeeni.

Waadventista hatufundishi jehanamu ya mateso yasiyo na mwisho. Hata hivyo, twaweza kuwatisha watoto kwa njia nyingine. Wakati wa taabu, kukimbilia milimani, amri ya kifo: mambo haya husemwa kwa sauti kuu huku watoto wameketi benchi la mbele, kisha wazazi hushangaa kwa nini mtoto anaogopa kulala peke yake. Ujumbe wa malaika watatu unaanza na injili ya milele (Ufunuo 14:6). Atakayewafundisha watoto na aanzie hapo.

Hofu inapomshika, keti chini usawa wake. Sema polepole. Pumua naye, mkitoa pumzi taratibu kuliko mlivyoivuta. Ombeni kwa maneno machache. Akishatulia ndipo aulizwe, na aulizwe kwa upole, maana huenda kuna mtu anayempiga au kumgusa vibaya, na hapo hofu yake inasema kweli. Anahitaji kulindwa upesi. Kama chanzo ni mtihani au giza, asiondolewe kila linalomwogopesha. Asindikizwe hatua kwa hatua. Hofu ikiendelea kwa majuma, akakataa shule au kusema afadhali afe, atafutiwe daktari au mshauri bila kuchelewa. Kufanya hivyo si upungufu wa imani.

Maswali ya Kujadili:

1. Soma Marko 10:13–16. Wanafunzi walidhani wanamlinda Yesu. Ni kwa njia gani kanisa lenu huwazuia watoto wenye hofu wasimfikie?

2. Katika kundi lenu, mtoto akitaka kusema jambo linalomwogopesha, angemwendea nani? Je, mtu huyo anajua kwamba anategemewa?