Kimya cha Glia na Funzo Lake



Miongoni mwa makosa yanayompotosha mwanadamu, moja ni kudhani ya kuwa asilolisikia yeye halikusemwa, na ya kuwa asiyeonekana akifanya kazi hana kazi. Kosa hili huwapata wajinga, na huwapata wenye elimu pia. Kurani Tukufu humwita mwanadamu atazame ishara za Muumba katika nafsi yake mwenyewe. Basi na tutazame leo ndani ya fuvu la kichwa, kwani humo mna habari ya kosa hili hili.

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli hizi huzungumza kwa njia ya ajabu. Msukumo wa umeme hukimbia katika uzi wa seli mpaka ncha yake, na hapo hukuta mwanya mwembamba mno, ambao upana wake ni kama sehemu 20 za milioni za milimita moja. Kwa kawaida umeme hauvuki mwanya huo. Seli humimina dawa maalumu, nayo dawa hupokewa na seli ya ng'ambo kama barua ipokewavyo mlangoni. Mwaka 1921 mtaalamu Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura, akauchochea mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza mpaka mapigo yake yakapungua. Kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo, akayatia katika moyo wa pili, nao ukapunguza mapigo, hali haukuguswa na umeme wowote. Hivyo ikadhihirika kwamba mishipa ya fahamu huzungumza kwa dawa.

Lakini kando ya seli za neva kuna seli nyingine, ambazo hesabu yake yakaribia kuwa sawa na ya hizo za kwanza. Mwaka 1856 tabibu wa Kijerumani Rudolf Virchow aliupa utando wa seli hizi jina lenye asili ya Kiyunani ambalo maana yake ni gundi. Ndiyo maana hadi leo zaitwa glia. Jina likawa hukumu. Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu wengi waliziona kuwa ni gundi tu, kitu cha kujaza nafasi na kuwashikilia wengine wanaofanya kazi ya maana.

Kwa nini walihukumu hivyo? Kwa sababu walisikiliza kwa nyaya za kupimia umeme. Glia haitoi misukumo ya umeme kama seli ya neva. Basi waya ulipogusa glia haukusikia mazungumzo, nao wakasema: hii ni bubu.

Wahenga wetu walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwaka 1990 wachunguzi wa Marekani walitumia rangi inayong'aa kila kalsiamu inapoongezeka ndani ya seli. Wakazimiminia glia zenye umbo la nyota glutamati, dawa ile ile ambayo seli za neva huitumia kupelekeana habari. Mara glia zikang'aa, na mng'ao ukapita kutoka seli hadi seli kama wimbi. Kumbe zilikuwa zikisikia! Mwaka 1994 ikaonekana tena katika majaribio kwamba glia zikisisimuliwa, seli za neva za jirani huitika. Ni kweli kwamba wataalamu wangali wanabishana ni kwa kiasi gani glia hutoa ujumbe wake zenyewe katika ubongo ulio hai. Lakini kwamba zasikia, na kwamba mazungumzo ya ubongo hayaendi sawasawa bila ya hizo, hilo halina ubishi.

Tazameni huduma zake. Glia huzoa glutamati iliyobaki baada ya mazungumzo. Lau isingezolewa, ingezichochea seli za neva kupita kiasi mpaka zife. Glia nyingine huzizungushia nyuzi gamba la mafuta, na kwa gamba hilo habari yaweza kukimbia hata mita 120 kwa sekunde, ambapo katika uzi mwembamba usio na gamba hutambaa mita moja au mbili tu. Uko ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe hulishambulia gamba hilo, na mgonjwa huweza kupoteza nguvu ya kuona au ya kutembea. Nyingine tena ni walinzi, huzunguka na kuondoa vilivyoharibika. Je, hii ndiyo gundi?

Ndugu zangu, humu mna mafunzo mawili. La kwanza ni juu ya watu. Alikuwako mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Akafa, nao watu wakaona jambo lake ni dogo, wasimwarifu Mtukufu Mtume s.a.w. Lakini yeye alimkosa, akamwulizia, akawalaumu kwa kutomjulisha, akaenda kumwombea kaburini pake. Katika kila jamaa wamo wafagiaji wa namna hiyo. Ole wetu tukiwaita gundi!

Funzo la pili ni juu ya Mungu. Mtafutaji wa haki husema mara nyingi: mimi sijamsikia Mungu akisema, basi hasemi. Twamwuliza kwa upole: umesikiliza kwa chombo gani? Glia hazikuanza kusema mwaka 1990. Zilikuwa zikifanya kazi hiyo katika kichwa cha kila mwanadamu, hata katika kichwa cha mtaalamu yule aliyekuwa akiandika kwamba ni bubu! Hatudai kwamba seli za ubongo zathibitisha ufunuo. Twasema tu kwamba neno hili, "sikusikia," ni hoja dhaifu, nalo halimpi mtu ruhusa ya kufunga mlango.

Wala hatumwambii aamini kila mwenye kudai kusikia. Wachunguzi wale hawakuamini kwa uvivu, wala hawakukana kwa uvivu. Walitafuta chombo kinachofaa, wakajaribu, wakarudia kujaribu. Na chombo cha kumsikia Mungu ni moyo uliosafishwa: sala yenye unyenyekevu, kuamka usiku watu wamelala, kuacha dhuluma, na kungoja kwa subira. Mwenye kukitumia chombo hiki kwa unyofu, huyo ndiye mwenye haki ya kusema alilosikia.

Mwenyezi Mungu atuondolee dharau katika macho yetu na uziwi katika mioyo yetu, na atujalie kuwa miongoni mwa wanaosikiliza kabla ya kuhukumu. Amin.