Medali za Benchi: Je, Aliyengoja Naye Ameshinda?

Wengi wetu tunaoishi upande huu wa Ulaya tumekwisha kuuona, japo kwenye televisheni, mchezo wa magongo wa Waayalandi, ule wanaouita hurling. Asiyeuona tumweleze kwa ufupi. Timu ni mbili, kila upande watu 15, na kila mmoja ameshika gongo la mti lenye kichwa kipana. Mpira ni mdogo, wa ngozi, na hupigwa hewani kwa kasi inayoweza kupita kilomita 150 kwa saa. Ukipita juu ya mwamba, kati ya nguzo mbili, ni pointi 1. Ukiingia wavuni ni goli, na goli moja ni sawa na pointi 3. Anayesimama mbele ya wavu huo ni kipa, na kipa ni mmoja tu.

Kuna mambo mawili zaidi ya kuyajua. Kwanza, mchezo huu unasimamiwa na chama kilichoundwa mwaka 1884, na mpaka leo wachezaji wake hawalipwi mshahara. Siku ya Jumapili mtu hushangiliwa na umati uliojaa uwanja wa Croke Park mjini Dublin, na Jumatatu hurudi shambani, darasani au karakana. Pili, kwa desturi mchezaji huchezea kaunti ya kwao. Kipa wa kandanda akikosa nafasi hufunga virago akahamia klabu nyingine. Huyu wa magongo akikosa nafasi kwao, basi hana pa kwenda. Hungoja.

Katika hao waliongoja yupo mmoja ambaye maisha yake ya uwanjani yanaibua swali linalotuhusu sote. Jina lake ni Noel Skehan, wa kijiji cha Bennettsbridge, kaunti ya Kilkenny. Kilkenny walitwaa ubingwa wa Ayalandi nzima mwaka 1963, wakautwaa tena 1967 na 1969. Mara zote tatu Skehan alipata medali, na mara zote tatu hakucheza fainali hata dakika moja. Alikuwa kipa wa akiba. Golini alisimama Ollie Walsh wa Thomastown, kipa hodari aliyechaguliwa mchezaji bora wa magongo wa mwaka 1967. Mbele ya mtu wa namna hiyo, mwingine angefanya nini?

Walsh alidaka mpaka fainali ya 1971, ambayo Kilkenny walishindwa. Mwaka 1972 zamu ikamfikia Skehan, na haikuja peke yake. Kwa desturi ya Kilkenny, klabu bingwa ya kaunti ndiyo iliyotoa nahodha, na bingwa wa 1971 alikuwa Bennettsbridge. Hivyo mtu aliyekuwa akikaa benchi akaingia uwanjani akiwa kipa na nahodha kwa pamoja. Kuanzia hapo alitwaa ubingwa akiwa golini mwaka 1972, 1974, 1975, 1979, 1982 na 1983. Mara saba alichaguliwa kipa bora wa mwaka katika kikosi cha nyota wa nchi nzima.

Ukijumlisha, unapata medali tisa. Na hapa ndipo mabishano yanapoanzia. Christy Ring wa Cork na John Doyle wa Tipperary, watu wanaotajwa huko kwa heshima kubwa, walikuwa na medali nane kila mmoja, na zote walizichezea. Mwaka 1967 Doyle aliingia fainali akiitafuta ya tisa. Waliomzuia ni Kilkenny. Jioni ile Doyle, aliyetoka jasho uwanjani, alirudi nyumbani mikono mitupu, na Skehan, aliyetazama kutoka benchi, alirudi na medali yake ya pili. Ilipofika mwaka 2012 ndipo Henry Shefflin, naye wa Kilkenny, alipokuwa mtu wa kwanza kufikisha tisa za kucheza uwanjani.

Basi tuulize: Skehan ana medali tisa, au ana sita na zawadi tatu?

Wako watakaosema sita, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Medali ni alama ya kazi ya siku ile, na aliyeketi hakupigiwa mpira hata mmoja. Kumpa sifa sawa na aliyesimama mbele ya wavu ni kumpunja huyo aliyesimama. Kwa nini Doyle alale bila kitu?

Lakini hebu tufikirie habari ya mlinzi wa usiku. Amekesha mlangoni mpaka alfajiri, na mwizi hakuja. Je, alilinda, au hakulinda? Hakuna mwenye nyumba mwungwana atakayemwambia, "Leo sikulipi, maana hukupigana na mtu." Tunamlipa kwa sababu alikuwa tayari. Kipa wa akiba ni mlinzi wa namna hiyo. Mwenzake akiumia dakika ya tano, yeye ndiye wa kuingia, na hapati nafasi ya kuomba siku mbili za kujiandaa. Aliye golini hucheza kwa ujasiri kwa kuwa anajua nyuma yake yupo mtu. Ushindi ule una sehemu ya huyo aliyeketi, hata kama macho ya watu hayakuiona.

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo lugha yetu imeyapa methali mbili zinazopingana. Tunasema mvumilivu hula mbivu, kisha tunageuka na kusema ngoja ngoja huumiza matumbo. Je, wahenga walijichanganya? La hasha. Kuna subira na kuna kukaa tu. Mwenye subira hufanya kazi ile ile ambayo angeifanya kama angekuwa zamuni. Anayekaa tu huiachia kesho kazi ya leo. Kwa nje wote wawili wanafanana, kwani wameketi benchi moja. Tofauti hujulikana siku mlango unapofunguka.

Kwa Skehan mlango ulifunguka kwa kishindo. Katika fainali ile ya 1972 dhidi ya Cork alifungwa magoli matano. Kipindi cha pili Cork walikuwa mbele kwa pointi nane. Miaka tisa tangu medali ya kwanza ya benchi, na sasa nahodha anaokota mpira wavuni mara tano mbele ya taifa zima! Hata hivyo Kilkenny waligeuza mchezo. Eddie Keher alifunga magoli 2 na pointi 9, na mwisho Kilkenny wakawa na magoli 3 na pointi 24 dhidi ya magoli 5 na pointi 11. Walishinda kwa pointi saba, na mwaka huo huo Skehan akachaguliwa kipa bora.

Hadithi nzuri, lakini ina hatari yake. Tukimsifu kwa sababu tu zamu ilimfikia, tutawaambia nini makipa wa akiba ambao Walsh wao hakustaafu mapema? Hao ni wengi, na walijiandaa vile vile. Ikiwa subira ina thamani pale tu matunda yanapoiva, basi haikuwa subira, ilikuwa bahati nasibu. Thamani yake imo katika utayari wenyewe.

Aidha, neno "subiri" lina wanaolitumia vibaya, na sisi wa ughaibuni tunawajua. Mwalimu aliyesomea kazi yake anasafisha ofisi za watu, vyeti vyake vimo kwenye bahasha, na kila akiuliza anaambiwa asubiri. Tusimwimbie mtu huyo methali za subira. Skehan alikaa nje kwa sababu golini palikuwa na mtu bora, na kila mwenye macho alimwona. Benchi ile ilikuwa ndani ya uwanja, na aliyepanga timu alimjua kwa jina. Anayengojeshwa mahali ambapo hakuna anayemtazama hayuko benchi, yuko nje ya ukuta, na kwake wajibu ni kubisha hodi kwa nguvu au kutafuta mlango mwingine.

Kwa hiyo jibu langu ni tisa. Sita ni za mikono yake na tatu ni za utayari wake, na timu isiyoheshimu hizo tatu haitapata mtu wa kuzichezea zile sita. Mwaka 1983, miaka 20 baada ya medali yake ya kwanza, alikuwa bado golini, na siku ile wapo wengine walioketi benchi la Kilkenny, magongo mkononi. Hao nao waliitwa mabingwa, na haki ilikuwa yao.